Mchezo umekwisha, gazeti limesema nini?

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuyaona mabasi ya shule yakipita mjini mwezi wa Aprili, madirisha wazi, ngoma zikirindima ndani na vijana wakiimba mpaka sauti zinawakauka. Usidhani hao ni wanafunzi wanaorudi nyumbani kwa likizo. Ni waigizaji wanaokwenda kwenye fainali za tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo. Katika masanduku yao mna maleba yaliyoshonwa kwa pesa za wazazi. Vichwani mwao mna mchezo ambao miezi michache nyuma haukuwapo duniani.

Siku chache baadaye unafungua gazeti. Shule fulani imetwaa ngao. Nyingine imekuwa ya pili. Mgeni wa heshima amewahimiza walimu wakuu wakuze vipaji. Pembeni kuna picha ya wasichana wanne waliopaka nyuso rangi, na chini yake imeandikwa kuwa ni wanafunzi wakiigiza. Basi, habari imekwisha. Jina la mchezo hulioni. Aliyeuandika hatajwi. Ulihusu nini, hujui. Ni sawa na kuambiwa kuwa arusi ilifana sana bila ya kuambiwa nani kamwoa nani.

Huenda ukasema hilo ni jambo dogo, na kwamba nchi hii ina habari kubwa zaidi za kuandikwa. Lakini ikiwa una mtoto katika chama cha drama, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi ambaye mwaka huu ulikariri kurasa ishirini za maneno, hebu nifuate kidogo. Nataka tuone hasara hii ni ya nani na tunaweza kufanya nini.

MICHEZO INAYOZALIWA KILA MWAKA

Tamasha hili si la jana. Lilianza mwaka 1959, kabla ya uhuru. Siku hizo lilikuwa la shule chache, na michezo mingi ilikuwa ya Kiingereza, ya kina Shakespeare. Jukwaa lililosifika lilikuwa lile la Kenya National Theatre jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1952. Baada ya uhuru shule za Waafrika ziliingia kwa wingi, zikaleta visa vya nyumbani: mashamba, mahari, karo, ulevi, ufisadi, mapenzi ya shuleni na wazazi wasioelewana. Polepole ikawa desturi kwamba shule haiji na mchezo wa kuazima kitabuni. Inakuja na mchezo mpya.

Safari ya mchezo huo ni ndefu. Muhula wa kwanza ukianza Januari, mwalimu au mwandishi aliyeombwa na shule hukaa chini na kuandika. Wanafunzi hupimwa, wenye sauti na wepesi wa mwili wakachaguliwa, na mazoezi yakaanza baada ya masomo ya jioni. Kisha mashindano hupandishwa ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, hatimaye taifa. Kila ngazi ina waamuzi wake na kila ngazi huwarudisha wengi nyumbani. Pamoja na michezo kuna mashairi ya kughani, ya mtu mmoja na ya kundi, kuna masimulizi, ngoma za kubuni na vichekesho, na siku hizi filamu pia. Washindi wa taifa hupata heshima ya kuigiza mbele ya Rais.

Sasa angalia hesabu ilivyo. Mchezo umeandikwa Januari, umeigizwa Machi, umefika fainali Aprili. Mei umekwisha. Mwakani shule italeta mwingine. Huu wa mwaka huu hautaigizwa tena, labda siku ya wazazi, au siku ya kutoa zawadi. Waigizaji wa kidato cha nne wanaondoka. Mwalimu anahamishwa. Mswada unabaki kabatini, nakala mbili tatu zenye alama za kalamu nyekundu, mpaka siku kabati litakapohitajika kwa vitabu vya fizikia.

Na huo ndio mchezo uliobahatika kufika fainali. Ile iliyoanguka katika kaunti ndogo iliigizwa mara moja tu, asubuhi moja, katika ukumbi wa kulia chakula, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu yao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu mwaka 1959 tumekuwa na mali ya namna hii kila mwaka, na daftari letu lina majina ya washindi tu.

KILICHOOKOA MICHEZO YA ZAMANI

Mwenye shaka na akumbuke mambo ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 ulitokea mchezo The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo. Mwaka huohuo Francis Imbuga alitoa Betrayal in the City. Yote miwili ilikwenda Lagos, Nigeria, mwaka 1977, kuiwakilisha Kenya katika sherehe kubwa ya sanaa za Waafrika, FESTAC. Leo waandishi wote watatu wamekwishafariki dunia. Imbuga alitutoka mwaka 2012, Micere Mugo mwaka 2023, na Ngugi mwezi wa Mei 2025. Lakini kijana wa leo akitaka kujua walisema nini, anakwenda dukani, ananunua kitabu, anasoma.

Kisha kuna Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu ambao Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliuandaa pamoja na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru. Uliigizwa mwishoni mwa mwaka 1977, na baada ya wiki chache ukapigwa marufuku. Mwaka huo haujaisha, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Jukwaa la Kamiriithu lenyewe lilibomolewa mwaka 1982. Ungetazamia mchezo kama huo usahaulike kabisa. Haukusahaulika, kwa sababu mwaka 1980 ulichapishwa kitabu, na kwa sababu watu waliandika habari zake hapa nchini na ng'ambo. Aliyezaliwa miaka ishirini baadaye anaweza kukueleza kisa cha Kiguunda na shamba lake.

Mambo ni yayo hayo darasani. Tamthilia anazotahiniwa mwanafunzi wa sekondari, kama vile Kigogo ya Pauline Kea hapo awali na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege baadaye, zinajadiliwa, zinabishaniwa, zinaigizwa upya na makundi yanayozunguka shuleni. Kilichoziwezesha ni kuwa zipo kwenye karatasi. Michezo ya tamasha haina bahati hiyo. Wachapishaji hawawezi kuichapisha yote, na si yote inayostahili kuwa kitabu. Ndiyo maana gazeti lina kazi hapa. Aya nane za ripota makini zinaweza kuwa ndicho kitu pekee kitakachobaki cha mchezo uliowafanya watu mia tano walie na kucheka asubuhi moja mjini Nyeri au Kisii.

KOMBE SI HABARI YOTE

Kwa nini basi habari hizi huandikwa kifupi hivyo? Sababu moja ni kwamba ripota hutumwa kwenye tamasha kama anavyotumwa uwanjani. Anatafuta mshindi. Katika kandanda njia hiyo haina neno. Ukiambiwa Gor Mahia imeifunga AFC Leopards mabao mawili kwa moja, umeelewa karibu kila kitu, maana kanuni za mchezo unazijua na lengo la kila timu ni lilelile. Lakini ukiambiwa shule moja imepata alama 88 na nyingine 86, umeelewa nini? Hujui kama ya kwanza ilikuwa na kisa kizuri na sauti mbovu. Hujui kama ya pili ilikuwa na msichana mmoja ambaye aliposimama kuzungumza, ukumbi mzima ulinyamaza kama maji ya mtungi.

Sababu ya pili ni ya pesa na nafasi. Tamasha la taifa huchukua siku kadhaa, na kuna maonyesho kutoka asubuhi mpaka usiku. Ripota mmoja hawezi kuyaona yote, na pengine ana habari nyingine mbili za kupeleka siku hiyo. Mhariri naye ana ukurasa mmoja ambao nusu yake ni tangazo. Hayo yanaeleweka, na hatuwezi kumlaumu ripota kwa kazi ya watu wanne. Lakini heri ripota aandike juu ya mchezo mmoja kwa ukamilifu kuliko kuorodhesha shule thelathini ambazo msomaji atazisahau kabla ya kufunua ukurasa.

Sababu ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Magazeti yetu huamka kuhusu drama pale kunapokuwa na rabsha. Tuangalie mifano miwili ambayo kila mtu anaikumbuka.

Mwaka 2013 shule ya wasichana ya Butere ilikuja na Shackles of Doom, mchezo ulioandikwa na Cleophas Malala. Kisa chake kilikuwa juu ya mali ya nchi, mafuta yaliyopatikana katika ardhi ya watu maskini, na nani anayefaidi. Mchezo ulizuiliwa usiende fainali kwa madai kuwa ungechochea ukabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza.

Miaka kumi na miwili baadaye yakarudi yaleyale. Mwaka 2025 shule ileile na mwandishi yuleyule, ambaye katikati ya miaka hiyo amekuwa seneta wa Kakamega, walikuja na Echoes of War. Ukatiwa vizuizi, mambo yakafika mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamuru uigizwe fainalini Nakuru. Huko Nakuru polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya watu, wakiwemo wanahabari. Malala alikamatwa, kisha akaachiliwa. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili wasichana waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila ya kuigiza, wakilalamika kuwa hawakuwa na watazamaji wala mwelekezi wao.

Siku zile kila gazeti, kila redio na kila runinga ilikuwa na habari hiyo, na ilikuwa haki iwe hivyo. Watoto hawarushiwi vitoa machozi kwa sababu ya mchezo wa shule halafu waandishi wakae kimya. Lakini sasa fanya jaribio dogo. Waulize watu kumi katika matatu unayopanda kesho, Echoes of War ulihusu nini? Wengi watakwambia ulikuwa wa kuisema serikali. Wachache sana watakwambia kuwa ni kisa cha nchi ya kubuni inayojiinua baada ya vita, na kwamba ndani yake vijana wa zama za kompyuta wanavutana na wakubwa wao. Moshi tuliandikiwa vizuri. Mchezo hatukuandikiwa.

Na hatari yake ni hii, msomaji. Wakati mchezo haujulikani, yeyote anaweza kusema unasema lolote. Anayetaka kuuzuia atasema una chuki. Anayetaka kuupigia debe atasema ni ushujaa mtupu. Mzazi aliye Kayole au Likoni, ambaye mtoto wake anaweza kuwa jukwaani mwakani, hana njia ya kupima nani mkweli. Laiti ripota mmoja angekaa ukumbini wakati mchezo ulipokuwa bado katika ngazi za chini, akaandika kwa utulivu kisa chake, wahusika wake na mwisho wake, ubishi ungalikuwapo, lakini watu wangalibishana juu ya kitu wanachokijua.

WALIVYOFANYA WENGINE

Ili usidhani ninaota ndoto, nikupe mfano wa mbali. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, kuna mji uitwao Louisville. Si New York wala Chicago. Watu wanaujua zaidi kwa mbio za farasi. Mwaka 1976 jumba la Actors Theatre la mji huo lilianzisha tamasha la michezo mipya tu, lililokuja kujulikana kama Humana Festival. 

Mwaka uliofuata uliigizwa hapo The Gin Game, mchezo wa D. L. Coburn wenye wahusika wawili tu, wazee wanaocheza karata katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 1978 mchezo huo ulipata tuzo ya Pulitzer, ambayo ni kubwa mno kwao. Mwaka 1979 ukafuata Crimes of the Heart wa Beth Henley, nao ukapata tuzo hiyo mwaka 1981. Habari zilipoenea, waandishi wa magazeti kutoka miji mingine na hata nchi nyingine wakawa wanafunga safari kila mwaka kwenda Louisville, wanatazama mchezo baada ya mchezo kwa siku chache mfululizo, kisha wanarudi kuandika. Wenye majumba ya michezo walisoma makala hizo, wakaomba miswada. Michezo mingi ya tamasha hilo ilikusanywa pia katika vitabu vilivyotolewa mwaka hadi mwaka. Tamasha lenyewe lilifikia kikomo mwaka 2021, lakini michezo yake ingali inaigizwa.

Huko walikuwa na waigizaji wa kulipwa na wafadhili wenye pesa, jambo ambalo shule zetu hazina. Lakini penseli, daftari na kiti cha mbele havihitaji mfadhili.

RIPOTI YENYE MANUFAA

Ripoti nzuri basi inakuwaje? Tuseme kuna mchezo, na huu ni wa kubuni tu ili tuelewane, juu ya ploti moja mtaani yenye bomba moja la maji. Ripoti ya kawaida ingesema hivi: “Shule hiyo iliwasisimua watazamaji kwa mchezo wake mkali juu ya shida ya maji.” Neno “iliwasisimua” halikwambii kitu, na “mkali” nalo halikwambii kitu.

Sasa linganisha na hii: “Mchezo unaanza saa kumi na moja alfajiri. Mitungi kumi na miwili ya manjano imepangwa foleni jukwaani, wenyewe wamelala. Mama Zena, mjane anayefua nguo za watu, anaamka na kuusogeza mtungi wake mbele hatua moja. Mwenye ploti anaona, na badala ya kumkemea anamwomba awe anamwangalilia foleni. Tangu hapo tunamwona Mama Zena akigeuka kidogo kidogo kuwa kama mwenye ploti mwenyewe. Mwandishi amefanikiwa kutuonyesha jinsi maskini anavyoweza kumkandamiza maskini mwenzake. Ila nusu saa ya mwisho imejaa hotuba, na mhusika wa chifu anaingia kueleza mafunzo ambayo tulikwisha kuyaona kwa macho.”

Umeona tofauti? Ya pili imekupa picha, kisa, sifa na kasoro. Hata kama hukuwa ukumbini, unaweza kubishana nayo. Mwalimu aliyeuandika mchezo akiisoma atajua cha kurekebisha kabla ya ngazi ijayo. Na mwanafunzi wa shule nyingine atajifunza kwamba mitungi tupu kumi na miwili inaweza kusema mengi kuliko hotuba.

Kwa ufupi, ripoti ya mchezo mpya ijibu maswali haya: Mchezo unaitwaje na nani kauandika? Umeigizwa wapi na lini? Kisa chake ni nini? Umefanywaje, yaani waigizaji, sauti, maleba na jukwaa? Watazamaji waliupokeaje, na waamuzi walisema nini? Swali la nani kashinda liwe la mwisho.

Yako na ya kuepuka. Mwisho wa kisa usifichuliwe ikiwa shule bado ina ngazi mbele yake, maana watazamaji wa huko wana haki ya kushtuka kama walivyoshtuka wa kwanza. Mwigizaji asichanganywe na mhusika: msichana aliyeigiza mlevi si mlevi, na jina lake halifai kuwekwa kwenye kichwa cha habari cha mzaha. Maneno ya mhusika yasiandikwe kana kwamba ni ya shule au ya mwandishi. Waziri mbaya katika mchezo asipewe jina la waziri fulani ikiwa mchezo wenyewe haukumtaja. Na sifa zitolewe kwa kipimo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

WEWE UFANYEJE?

Kama wewe ni mwanafunzi, usingoje ripota. Chagueni mmoja wenu katika chama cha drama awe mwandishi wa kumbukumbu, si mwigizaji, maana mwigizaji hawezi kujitazama. Usiku uleule baada ya maonyesho, kabla usingizi haujafuta mambo, aandike ukurasa mmoja akijibu yale maswali niliyoyataja. Atie tarehe na mahali. Bandikeni ukurasa huo kwenye ubao wa matangazo ya shule, na nakala yake iingie maktabani pamoja na mswada uliosahihishwa, si ule wa kwanza. Miaka mitano ikipita, shule yenu itakuwa na jalada ambalo shule nyingi zilizoshinda ngao hazina. Mwenye kuandika vizuri apeleke makala yake gazetini. Wahariri wa kurasa za vijana wanapenda barua fupi yenye jambo mahususi kuliko ndefu ya kusifu shule.

Tena kazi hiyo itakufaa darasani. Uandishi wa ripoti ni sehemu ya insha mnazofundishwa. Uchambuzi wa wahusika, maudhui na mbinu za mwandishi ndio unaoulizwa katika karatasi ya fasihi. Mtaala mpya nao umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na uigizaji na filamu ni miongoni mwa masomo yake. Anayejizoeza kutazama mchezo kwa makini anapata kipimo ambacho hakipatikani kwa kukariri mwongozo.

Kama wewe ni mwalimu, mpe ripota anayefika karatasi moja yenye jina la mchezo, jina la mwandishi na muhtasari wa kisa. Utashangaa ni mara ngapi habari huwa fupi kwa sababu hakuna aliyemweleza ripota alichokiona. Usiogope pia ukosoaji. Mchezo uliokosolewa gazetini umetazamwa kwa makini.

Na wewe mhariri, ikiwa umefika mpaka hapa, tenga safu moja tu mwezi wa Machi na nyingine Aprili. Mpe ripota siku nzima ukumbini na umwambie arudi na michezo miwili, si matokeo thelathini. Orodha ya washindi iwekwe katika kisanduku chini ya ukurasa, wanaoitaka wataiona.

Mzazi nawe una sehemu yako, na ya kwako ni rahisi kuliko zote. Mtoto wako atakaporudi kutoka kwenye tamasha, amechoka, sauti imekwama, rangi bado iko nyuma ya masikio, swali la kwanza linalokujia mdomoni ni moja: “Mlikuwa wa ngapi?” Akiwa wa kumi na tano atainama. Akiwa wa kwanza atajibu kwa neno moja, kisha aende kulala. Mwulize badala yake: “Mchezo wenu ulihusu nini?” Mwache akae, ale, akusimulie mpaka mwisho, na aigize ile sehemu iliyowachekesha watu. Ukimaliza kumsikiliza, mpe daftari aiandike.